Daraja la biashara kwenye safari fupi za ndani: unalipia nini hasa?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu nyote. Swali hili huulizwa mara kwa mara kwenye nyuzi za safari, kisha huishia kwenye mabishano ya nani anajiweza na nani anajionyesha. Ningependa tulijadili kwa utaratibu. Mtu anasafiri ndani ya nchi kwa ndege inayokaa angani saa moja au pungufu, naye analipa nauli ya daraja la biashara ambayo aghalabu ni maradufu ya ile ya kawaida au zaidi. Analipia kitu gani hasa? Msimamo wangu ni kwamba kwenye safari ya namna hiyo kiti ni sehemu ndogo kuliko zote za unachonunua. Thamani, pale inapokuwepo, imo kwenye masharti ya tiketi, kwenye mizigo na kwenye muda wa uwanjani. Asiyevihitaji vitu hivyo vitatu anatupa fedha zake, hata kama kiti chenyewe ni kizuri.

Tuanze na saa. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili, na ndani yake mna foleni ya kuruka, kupanda, kushuka na kutambaa ardhini. Taa ya mikanda kwa kawaida huzimwa ndege ikishapita kimo cha futi 10,000, yaani kama mita 3,000, na huwashwa tena mapema inapoanza kushuka. Katika safari ya dakika 50 kinachobaki katikati huwa dakika 20 au 25 hivi, na ndani ya dakika hizo mhudumu anatakiwa agawe taulo za moto, apokee maagizo, alete trei, aulize kama kuna anayeongezewa kinywaji, kisha akusanye vyombo vyote kabla rubani hajatangaza kushuka. Mtazame anavyomimina chai: anaijaza nusu kikombe tu, kwa sababu pua ya ndege bado imeinuka na anajua kitakachotokea akijaza zaidi. Huduma hiyo inaweza kuwa ya kiungwana kabisa, lakini hufanywa mbiombio, na abiria naye hulazimika kula na kunywa mbiombio.

Kuhusu kiti chenyewe, aina ya ndege ina uzito kuliko jina la daraja. Safari nyingi fupi hufanywa na ndege za familia ya Airbus A320 au Boeing 737, ambazo daraja lake la kawaida lina viti vitatu kila upande wa ujia. Mashirika mengi ya Ulaya huuza daraja la biashara kwenye viti hivyohivyo, kwa upana uleule na mara nyingi kwa nafasi ileile ya miguu, isipokuwa kiti cha katikati huachwa wazi. Kabla abiria hawajaanza kupanda, mhudumu hulishika pazia linaloning'inia kwenye reli, akalivuta safu mbili nyuma au mbele kulingana na tiketi zilizouzwa siku hiyo, akalifunga hapo. Kwa hiyo safu ya tano inaweza kuwa daraja la biashara asubuhi na daraja la kawaida jioni, ndani ya ndege ileile. Nchini Marekani hali ni tofauti: sehemu ya mbele ya ndege za ndani, ambayo wenyewe huiita daraja la kwanza, ina viti vipana viwili kila upande, na umbali kati ya kiti na kiti ni takribani inchi 37, ilhali nyuma ni inchi 30 au 31. Hapo angalau unapata kitu cha kushika mkononi.

Ndege ndogo zina mambo yake. Embraer E190 ina viti viwili kila upande hata kwenye daraja la kawaida, hivyo kile kiti cha katikati ambacho watu hukikimbia hakipo tangu mwanzo. Kwenye ATR 72 abiria hupandia mlango wa nyuma na shehena hukaa mbele, kwa hiyo aliyeketi safu ya kwanza ndiye hushuka wa mwisho. Isitoshe, pangaboi zimekaribiana zaidi na nusu ya mbele ya chumba cha abiria, na anayetaka utulivu ni heri aketi nyuma. Nasema hivi kwa sababu wengi huamini kwamba mbele ni bora siku zote.

Sasa niseme kile ninachoona kina thamani. Daraja la biashara lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashirika yalipokuwa yakiuza tiketi nyingi za bei ya punguzo, na abiria wa kikazi waliolipa nauli kamili, tena wakati mwingine siku moja kabla ya safari, wakajikuta wameketi bega kwa bega na waliolipa sehemu ndogo tu ya nauli hiyo. Pan Am iliwatengea sehemu yao mwaka 1978, na Qantas ikafuata mwaka 1979. Kilichowatofautisha abiria wale kilikuwa tiketi yao: waliweza kubadilisha safari, kuahirisha au kurudishiwa nauli. Viti vipana vilikuja baadaye. Kwa safari fupi mantiki ile ya mwanzo bado ndiyo yenye nguvu. Mtu ambaye kikao chake kinaweza kwisha saa nane au saa kumi na mbili, na ambaye angependa kupanda ndege yoyote itakayokuwepo, anaweza kuokoa zaidi kwa tiketi inayobadilishika kuliko kwa kununua tiketi rahisi mbili na kuitupa moja.

Lakini tahadhari, kwani si kila tiketi ya daraja la biashara inabadilishika. Kila nauli ina herufi yake. J na C kwa kawaida ni nauli kamili za daraja la biashara, ilhali D, I na Z mara nyingi ni za punguzo zenye masharti makali, na nyingine hazirudishwi kabisa. Kwa upande wa pili, Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida, nayo huwa na uhuru mkubwa. Hivyo ulinganisho wa haki ni kuiweka tiketi ya daraja la biashara mbele ya tiketi ya kawaida inayobadilishika, si mbele ya ile ya bei ya chini kabisa. Ukifanya hivyo, mara nyingine pengo ni dogo ajabu, na mara nyingine unagundua kwamba ile ya kawaida ndiyo yenye masharti mazuri zaidi.

Mizigo ni hesabu tu. Mashirika mengi humpa abiria wa kawaida begi moja la kilo 23, na wa daraja la biashara mabegi mawili ya kilo 32 kila moja. Kilo 32 ndicho kikomo cha kawaida cha begi moja, kwa sababu ya migongo ya wapakiaji. Anayesafiri na vifaa vya kazi akumbuke kulinganisha pengo la nauli na gharama ya mzigo wa ziada. Anayesafiri na mkoba wa kompyuta hana cha kulinganisha.

Kuhusu uwanjani, abiria wa daraja la biashara aghalabu hupitishwa njia yake ya ukaguzi, hupewa ukumbi wa mapumziko na huitwa wa kwanza langoni. Mwenye foleni ndefu ya ukaguzi ananufaika, mwenye uwanja mdogo hanufaiki. Ukumbi wa mapumziko una maana kwa mtu anayelazimika kusubiri. Anayefika dakika 50 kabla ya kuruka atauona kwa kupita. Na kama ndege imeegeshwa mbali, basi la abiria linafuta upendeleo wote: uliyeitwa wa kwanza langoni unaingia basini wa kwanza, unasukumwa hadi upande wa pili, kisha milango inafunguliwa na aliyeingia wa mwisho ndiye anayetangulia kwenye ngazi.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nashukuru kwa maelezo ya kina, ila naona kiti umekidharau kupita kiasi. Mimi ni mrefu, na magoti yangu hayatambui kwamba safari ni ya saa moja tu. Pia kuna watu wenye maumivu ya mgongo, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wajawazito, na wale wanaopata dhiki ya moyo wanapobanwa katikati ya watu wawili wasiowajua. Kwa watu hao dakika 50 ni nyingi. Tena kiti cha katikati kilichoachwa wazi, ambacho umekitaja kama kwamba ni hila ya wauzaji, kina faida: mabega yanapumua, na unaweza kufungua kompyuta bila jirani kukusomea barua zako.

Mwanzisha uzi

Nakubali hoja ya mabega, Mkuu. Hata hivyo, kwa urefu wa miguu nakushauri uangalie kwanza ramani ya viti ya ndege husika. Kama ni mpangilio wa Ulaya, huenda daraja la biashara lisikuongezee hata inchi moja ya goti, ilhali kiti cha daraja la kawaida kilicho kwenye safu ya mlango wa dharura kinaweza kukupa nafasi zaidi kwa nyongeza ndogo. Ni kweli kwamba safu hiyo hawaruhusiwi watoto wala mtu asiyeweza kusaidia kufungua mlango, kwa hiyo haimfai mjamzito wala aliyetoka kwenye upasuaji. Kwao, na kwa yule anayeogopa kubanwa, kiti cha katikati kilicho wazi ni sababu ya kutosha, nami sina ubishi.

Kuna mashirika yaliyoliona pengo hili. Japan Airlines ilianzisha mwaka 2004, kwenye safari zake za ndani, daraja la kati linaloitwa Class J: kiti kipana zaidi na nafasi zaidi kwa nyongeza ndogo juu ya nauli ya kawaida, bila mbwembwe nyingi. Kwa maoni yangu hilo ndilo umbo sahihi la starehe ya safari ya saa moja.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze upande wa mwajiri, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye ofisi inayopitisha maombi ya safari. Taasisi nyingi zina kanuni inayofungamanisha daraja na urefu wa safari, kwamba daraja la biashara linaruhusiwa safari ikizidi saa kadhaa tu, na kwa hiyo safari za ndani huwa zimejifuta zenyewe. Kanuni hiyo imesimama juu ya dhana ya uchovu: mtu akilala usiku kwenye ndege anaweza kufanya kazi asubuhi. Haimfikirii mfanyakazi ambaye ratiba yake hubadilika mara tatu kwa siku. Matokeo yake ni kwamba tunanunua tiketi za bei ya chini zisizobadilishika, kikao kinachelewa, tiketi inapotea, kisha tunanunua nyingine ya dakika za mwisho kwa bei ya juu. Mhasibu akijumlisha mwisho wa mwaka, fedha zilizokwenda zingetosha tiketi zinazobadilishika za daraja la kawaida kwa idara nzima. Ninaunga mkono hoja ya Mwanzisha uzi kwamba kinachotafutwa ni masharti, na masharti yanapatikana bila kuvuka pazia.

Jambo la pili ni la tiketi ya kuunganisha. Kama mtu anaruka masafa marefu kwa daraja la biashara na kipande cha mwisho ni safari fupi ya ndani, tiketi ikiwa ni moja, kipande hicho kwa kawaida huandikwa daraja la biashara ikiwa ndege ina daraja hilo. Ikiwa haina, ataketi daraja la kawaida, lakini haki ya mizigo ya ile safari ndefu humfuata hadi mwisho. Nimeona watu wakikata kipande cha ndani peke yake, kwa daraja la biashara, kwa nia ya kulinda mabegi yao. Wanalipa zaidi na wanapoteza ulinzi, kwa maana ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kuwasubiri wala kuwapangia ndege nyingine.

Mchangiaji wa nne

Hamjataja pointi ambazo mashirika huwapa wanachama wao wanaosafiri mara kwa mara. Wapo wanaonunua daraja la biashara kwenye safari fupi kwa ajili ya kupanda ngazi ya uanachama tu, wala hawajali chai wala pazia.

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na zamani hesabu hiyo ilikuwa na mashiko, hasa pale pointi zilipotolewa kwa daraja na idadi ya vipande vya safari, kiasi kwamba vipande vinne vifupi vya mbele viliweza kushinda safari moja ndefu ya nyuma. Mkondo umebadilika. Nchini Marekani, Delta na United zilianza mwaka 2015 kutoa maili, yaani pointi zao, kwa kufuata fedha zilizolipwa badala ya umbali, American ikafuata mwaka 2016, na British Airways iligeuza mfumo wake wa ngazi kuelekea matumizi ya fedha mwaka 2025. Pointi zikishafuata shilingi, hakuna ujanja uliobaki kwenye safari fupi: unapata kwa kadiri unavyotoa. Kabla ya kununua kwa sababu hiyo, soma kanuni za mwaka huu za programu yako, si ushauri wa zamani uliobaki kwenye intaneti.

Mchangiaji wa tano

Naomba ufafanuzi juu ya zile barua pepe zinazokuja siku chache kabla ya safari, zikikualika utaje bei uliyo tayari kulipa ili upandishwe daraja. Je, mtu akishinda anakuwa na haki zote za daraja la biashara? Na kinyume chake, mtu aliyelipa daraja la biashara akiambiwa langoni kwamba ndege imebadilishwa na hakuna kiti cha mbele, ana haki gani?

Mwanzisha uzi

Swali la kwanza ni muhimu sana, ndugu yangu, maana hapo ndipo tofauti ya kiti na tiketi inapoonekana wazi. Ukishinda mnada huo, tiketi yako ya asili hubaki na masharti yake ya asili. Ikiwa ilikuwa haibadilishwi, itaendelea kutobadilishwa. Baadhi ya mashirika hukupa mzigo wa ziada na ukumbi, mengine hayakupi, na pointi mara nyingi huhesabiwa kwa nauli ya mwanzo. Angalia pia kama bei unayoitaja ni kwa kila abiria na kwa kila kipande, kwa sababu familia ya watu wanne inaweza kushtuka. Kwa safari ya saa moja, basi, mnada huo unakuuzia ile sehemu yenye thamani ndogo kuliko zote na kukuachia nje ile yenye thamani kubwa. Mimi ningetaja bei ya chini kabisa inayoruhusiwa au nisitaje kabisa.

Kuhusu kushushwa daraja, jibu hutegemea sheria ya mahali unaporukia. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ambayo inahusu pia safari za ndani ya nchi wanachama. Kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, abiria aliyeshushwa daraja anastahili kurudishiwa asilimia 30 ya bei ya tiketi ndani ya siku saba. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba asilimia 30 inaweza kuwa ndogo kuliko pengo halisi la nauli ulilolipa, jambo ambalo si haki hata kidogo. Pasipokuwa na kanuni kama hiyo, kinachokulinda ni mkataba wa usafirishaji wa shirika, ile hati ndefu ambayo sote tunabofya kwamba tumeisoma. Dai kwa maandishi tofauti kati ya nauli uliyolipa na nauli ya daraja uliloketi, na tunza kadi zote mbili za kupandia ndege, ya awali na ile uliyopewa langoni. Safari fupi zinapatwa na mkasa huu zaidi kwa sababu ndege za jeti hubadilishwa na ndege za pangaboi pindi abiria wanapopungua, na nyingi za hizo hazina daraja la biashara.

Mchangiaji wa sita

Kuna hoja ya mazingira pia. Abiria anayechukua nafasi kubwa anabeba sehemu kubwa ya moshi wa ndege. Vikokotoo vya serikali ya Uingereza humhesabia abiria wa daraja la biashara kwenye safari fupi za kimataifa takribani mara moja na nusu ya hewa chafu ya abiria wa daraja la kawaida, na kwenye safari ndefu karibu mara tatu. Pengo la safari fupi ni dogo kwa sababu ileile iliyotajwa juu, kwamba viti vyenyewe havitofautiani sana.

Mchangiaji wa saba

Wakubwa shikamooni. Nimefuatilia mjadala wote, nami nina jambo mahususi. Mama yangu ni mzee, hawezi kutembea umbali mrefu, na anatarajia kusafiri peke yake kwa ndege ya dakika 45. Ndugu zangu wanasisitiza tumkatie daraja la biashara ili asaidiwe vizuri uwanjani na apate kiti kikubwa. Je, wana hoja?

Mwanzisha uzi

Marahaba, na umpe mama salamu zetu. Msaada wa kiti cha magurudumu haununuliwi kwa daraja. Mashirika mengi huutoa bure kwa abiria yeyote anayeuhitaji, na katika Umoja wa Ulaya ni takwa la sheria. Kinachotakiwa ni kuuomba mapema, saa 48 kabla ya safari au zaidi, na kuhakikisha umeandikwa kwenye tiketi yenyewe. Maelezo ya mdomo kwenye simu hayatoshi. Taja waziwazi kiwango cha msaada: kama anaweza kupanda ngazi lakini hawezi umbali, au hawezi ngazi, au hawezi kutembea kabisa hata ndani ya ndege, kwa kuwa kila hali ina wafanyakazi na vifaa vyake. Uliza pia kama ndege itaunganishwa na jengo kwa ujia wa kupitia abiria usio na ngazi, au itaegeshwa mbali, maana kwa asiyeweza ngazi hilo la pili linahitaji gari lenye jukwaa la kunyanyua.

Kuhusu kiti, muwe waangalifu. Katika safu ya kwanza kabisa, na katika viti vingi vipana vya mbele, meza huwa imefichwa ndani ya mkono wa kiti, na mkono huo haunyanyuki. Mtu anayehamishwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu anahitaji mkono unaonyanyuka ili atelezeshwe kwa upande, la sivyo wahudumu watalazimika kumwinua juu yake. Katika ndege nyingi, viti vya ujia vya daraja la kawaida kuanzia safu ya pili au ya tatu vina mikono inayonyanyuka, ingawa kitufe chake mara nyingine kimefichwa chini, karibu na bawaba. Pigieni shirika simu, waulizeni ni safu ipi yenye mkono wa namna hiyo kwenye ndege ya siku hiyo, kisha mlipie kuchagua kiti hicho cha ujia karibu na mlango atakaoingilia.

Mchangiaji wa saba

Nashukuru sana, Mkuu. Nitawapigia leo hii kabla ndugu zangu hawajalipa.